KISUGUDI CHA MRUSHAJI: KINAVYOUMIA NA KINAVYOPONYWA

Usishtuke kukutana na makala ya mifupa na misuli katika gazeti hili ambalo kwa kawaida hujaa mashairi, vitendawili na maneno ya kuwaaga kidato cha nne. Mlezi wa chama alituambia kila mmoja aandike juu ya jambo analolifahamu vizuri. Wenzangu wakachagua ufugaji wa nyuki na historia ya Lamu. Mimi nikajitazama juu chini, nikaona jambo ninalolifahamu kuliko yote kwa sasa ni kisugudi changu cha kulia.

Wale tuliokuwa pamoja kidato cha pili mnakumbuka kisa chenyewe. Nilikuwa nimeteuliwa kurusha mkuki. Wiki mbili kabla ya mashindano nikaanza kusikia kitu kama sindano ndani ya kisugudi kila nikirusha. Nikanyamaza. Nilijua fika kwamba nikifungua mdomo jina langu litaondolewa kwenye orodha ya watakaopanda basi, na basi lenyewe sisi wa shule ya kutwa si mnajua tunavyolitamani! Nikawa najipaka dawa ya kuchua usiku, asubuhi najifanya mzima. Siku ya mazoezi ya mwisho, mrusho wa tano, nikasikia "tak!" Mkuki ukaanguka hatua chache tu mbele yangu, nami nikaketi kwenye nyasi nimeupakata mkono kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Ficha ugonjwa, kifo kitakuumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Jioni hiyo nilipelekwa kwa mzee mmoja anayekanda watu, akauvuta mkono na kuupinda akisema "umetoka, naurudisha". Haukuwa umetoka. Usiku ule ulivimba nikakosa usingizi, na asubuhi Mama akanipeleka hospitali. Yote ninayoeleza hapa chini nilianza kuyasikia huko, halafu nikayafuatilia kwa vitabu na kwa msaada wa mwalimu wa bayolojia.

Kwa vile hiki ni chama cha Kiswahili, hebu tuweke maneno sawa. Kisugudi ndicho hicho hicho ambacho wengi hukiita kiwiko. Sehemu ya mkono kutoka hapo hadi kwenye kifundo cha kiganja ni kigasha, neno zuri ambalo watu wameliacha bure. Halafu kuna kano. Kiswahili hutumia neno hili moja kwa vitu viwili: uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, na uzi unaofunga mfupa kwa mfupa mwenzake. Daktari hawezi kuvichanganya viwili hivi, kwa hivyo uzi wa msuli nitauita kano, na ule wa mfupa kwa mfupa nitauita ligamenti.

Basi kisugudi ni mahali mifupa mitatu inapokutana: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya kigasha. Ligamenti tunayoizungumzia iko upande wa ndani, ule unaogusa mbavu. Juu inaanzia kwenye kile kinundu cha mfupa unachoweza kukipapasa ukikunja mkono, na chini inashika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho. Ina mafungu matatu, na fungu la mbele ndilo lenye kazi kubwa. Nyuma tu ya kinundu hicho umepita mshipa wa fahamu, ule ambao ukijigonga kwenye ukingo wa dawati mkono unapigwa na umeme mpaka kidole cha mwisho. Ukumbuke mshipa huo, tutakutana nao tena.

Kazi ya ligamenti hiyo ni kuzuia kigasha kisifunguke kwenda nje kama mlango ulioachwa na bawaba. Mrushaji anapotupa, kifua hutangulia, bega linafuata, kisha kisugudi, na kiganja chenye mkuki au mpira kinabaki nyuma kabisa. Hapo ndipo kigasha huvutwa kwenda nje kwa nguvu za ajabu. Mwaka wa 1995 wataalamu wa Marekani walichapisha vipimo vya warushaji wa besiboli, wakaona nguvu ya kupinda kisugudi inafika kiasi cha nyutoni-mita 64. Wa fizikia wamenielewa. Kwa sisi wengine, nilipiga hesabu hivi: laza mkono wako kwa upande, kisha uning'inize mtungi wa maji wa lita 20 kwenye kiganja. Ndiyo hiyo nguvu! Na ligamenti peke yake, ikijaribiwa katika maabara, hukatika mtungi ukiwa umejaa nusu tu.

Mbona basi haikatiki kila siku? Ni kwa sababu ya misuli. Misuli ya kigasha inayokunja kiganja na vidole imeanzia kwenye kinundu kile kile, nayo ikikaza hubeba sehemu ya mzigo. Lakini misuli huchoka, ligamenti haina habari ya kuchoka. Hiyo ikizidiwa huchanika nyuzi moja moja kimya kimya mpaka siku ya "tak". Ndiyo maana kurusha ukiwa umechoka ni hatari kuliko kurusha kwa nguvu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2006 ulilinganisha vijana waliopasuliwa mkono na wale ambao hawakupasuliwa. Ukaonyesha kuwa waliokuwa na mazoea ya kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa katika hatari ya kupasuliwa mara 36 zaidi. Nilipoisoma hesabu hiyo niliweka kalamu chini. Mimi siku ile nilikuwa nimesharusha asubuhi.

Msidhani haya ni maradhi ya Wamarekani na besiboli yao pekee. Daktari mmoja wa Ufini aitwaye Waris aliandika juu ya jeraha hili mwaka wa 1946, na wagonjwa wake walikuwa warushaji wa mkuki. Huku kwetu mkuki umependwa zaidi tangu Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia kule Beijing mwaka wa 2015 kwa mita 92.72. Sote tunajua kwamba alijifunza mengi kwa kutazama video za mabingwa. Nasi tukamtazama yeye. Tatizo ni kwamba tuliutazama mkono wake tu, hatukutazama miguu. Mbio zile, mguu wa kushoto unaokita ardhini kama kigingi, kiuno kinachozunguka kabla ya bega, hapo ndipo nguvu inapotoka, mkono unamalizia tu. Mimi nilikuwa nikifanya kazi yote kwa mkono, tena kisugudi nikikiangusha kando ya mbavu na kuzungusha kama mtu anayerusha kijiwe kiruke juu ya maji. Mtindo huo ndio hasa unaoufungua mlango wenye bawaba mbovu.

Sasa tuje kwenye matibabu. Jambo la kwanza daktari alilofanya ni kuuliza, si kupapasa. Uliumwa lini? Ulisikia mlio? Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi? Halafu akakikunja kisugudi kidogo, akasukuma kigasha kwenda nje polepole akilinganisha na mkono wa pili. Kuna pia jaribio ambalo madaktari huliita la kukamua. Mkono unakunjwa, kidole gumba kinashikwa na kuvutwa kama chuchu ya ng'ombe. Ligamenti ikiwa imeumia, utaruka kitini. Baadaye ndipo hupigwa picha ya eksirei ya mifupa. Ligamenti yenyewe haionekani kwa eksirei, inahitaji ile mashine kubwa ya sumaku ambayo haipatikani kila hospitali na si ya bei ya mkulima.

Mimi nilipigwa eksirei mikono yote miwili, nikadhani ni kupoteza pesa. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa siri yenyewe, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Kwa kijana ambaye bado anakua, kinundu kile cha ndani hakijashikamana na mfupa wa mkono. Kimegandishwa kwa gegedu, yaani sehemu laini ya kukulia, na kwa wavulana wengi hakifungi kabisa mpaka karibu miaka 17. Gegedu hiyo ni dhaifu kuliko ligamenti. Kwa hivyo pale ambapo mtu mzima angekatika ligamenti, mtoto huvutwa kinundu kikaachana na mfupa. Katika picha zangu, pengo la mkono wa kulia lilikuwa pana kuliko la kushoto. Bila picha ya pili ya kulinganisha nani angejua? Hebu wazia basi yule mzee alivyokuwa akivuta! Kama pengo lingezidi ningewekewa skurubu.

Kwa hiyo nawasihi wadogo zangu wa kidato cha kwanza. Maumivu ya upande wa ndani wa kisugudi, katika umri wetu, si ya kukandwa wala kuvutwa. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kama 15, tundika mkono kwa leso, acha kurusha, nenda ukapigwe picha.

Kwa watu wazima ambao ligamenti imechanika nusu, au iliyochanika ni ya mtu asiyerusha, upasuaji hauhitajiki. Ni kupumzika na mazoezi. Baadhi hudungwa maji ya damu yao wenyewe, ambayo huzungushwa kwa mashine ili ibaki sehemu yenye chembe za kugandisha damu, lakini madaktari wenyewe bado wanabishana juu ya faida yake. Katika utafiti mmoja wa mwaka wa 2001, warushaji 31 walitibiwa bila kisu, wakarudi 13 katika kiwango chao, baada ya wiki 24 na nusu kwa wastani. Hao si wengi, lakini si haba.

Ligamenti ikikatika kabisa kwa mtu anayekula kwa mkono wake, zamani huo ulikuwa mwisho wa habari. Mambo yalibadilika mwaka wa 1974. Tommy John, mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya Los Angeles Dodgers, alikatika ligamenti mwezi wa Julai akiwa na miaka 31. Daktari wa timu, Frank Jobe, akamwambia wazi kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ni moja kwa mia. Mwezi wa Septemba akampasua. Alichukua kano kutoka mkono wa kulia, akatoboa mifupa ya kisugudi cha kushoto, akaipitisha kano hiyo matunduni kama mtu anayeshona kiatu. Ikawa ligamenti mpya! Mambo hayakwenda shwari moja kwa moja. Ule mshipa wa fahamu niliowaambia mukumbuke ukagoma, vidole vikakunjamana, ikabidi apasuliwe tena kabla mwaka haujaisha. Msimu wote wa 1975 hakucheza. Alirudi mwaka wa 1976, akaendelea mpaka 1989, na kati ya ushindi wake 288, ushindi 164 aliupata kwa mkono ule ulioshonwa. Mpaka leo Marekani upasuaji huo huitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari. Jobe alifariki mwaka wa 2014, na mimi naona alidhulumiwa kidogo.

Kano ile iliyochukuliwa unaweza kuitafuta sasa hivi hapo ulipo. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Uzi unaosimama katikati ya kifundo ndio huo. Mwili hauuhitaji sana, na wapo watu waliozaliwa bila huo na hawajui. Darasani kwetu tulijaribu wakati wa mapumziko, tukapata wawili hawana, na mmoja wao akaanza kulalamika kwamba ameibiwa. Mgonjwa asiye nayo huchukuliwa kano ya mguu.

Siku hizi kuna njia nyingine pia. Tangu mwaka wa 2013, pale ambapo ligamenti imechomoka tu upande mmoja na yenyewe bado ni nzima, madaktari kadhaa huishona mahali pake na kuiwekea utepe mgumu wa kuitegemeza. Mtu huyo huweza kurudi baada ya kama miezi sita. Aliyewekewa ligamenti mpya huhitaji mwaka mmoja au zaidi, maana kano iliyopandikizwa ni kama mche uliohamishwa kitaluni. Haina budi kushika mizizi kwanza, na huwezi kuiharakisha.

Upasuaji huchukua saa moja au mbili hivi. Kupona ndiko kazi, na kupona kwenyewe hakuna muujiza bali daftari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa daftari la kurasa 48, akaandika juu yake neno moja: POLEPOLE.

Wiki tatu za kwanza mkono ulikuwa kwenye plasta. Zilipokwisha nilistaajabu, kisugudi kilikuwa kigumu kama mlango wenye kutu. Kazi ikawa kukikunja na kukinyosha mara nyingi kwa siku bila kukilazimisha, bila mtu mwingine kukisukuma. Nilikatazwa kubeba mtungi na nilikatazwa kukamua. Hilo la kukamua lilimkasirisha ndugu yangu kuliko mtu yeyote, maana ng'ombe wote wawili walimwangukia yeye. Lakini ukifikiria utaona sababu. Misuli ya kukamua ndiyo hiyo hiyo inayokivuta kinundu.

Wiki ya saba nikaharibu mambo. Ngedere waliingia kwenye mahindi yetu, nami bila kufikiri nikaokota jiwe. Ngedere hakupata kitu. Mimi nilipata sindano yangu ya zamani. Nikarudishwa nyuma mwezi mzima. Mtaalamu yule hakunigombeza, alifungua daftari akakata kurasa tatu kwa mstari mwekundu, basi.

Baada ya hapo yakaja mazoezi ya kujenga nguvu, na hakuna kifaa nilichonunua. Kufinya mpira wa soksi. Kuinua chupa ya maji ya nusu lita kwa kukunja kiganja juu na chini, mkono ukiwa umelazwa mezani. Tyubu kuukuu ya baiskeli niliikata utepe, nikaifunga kwenye mwimo wa mlango, nikawa naivuta kwa kuzungusha bega ndani na nje huku kisugudi kimebanwa mbavuni. Nilidhani bega halihusiki. Kumbe bega likiwa legevu, kisugudi ndicho kinacholipa deni, na hata tumbo na mapaja yakiwa dhaifu ni vivyo hivyo. Nikapewa kuchuchumaa kwa mguu mmoja, jambo ambalo jaribuni kabla ya kunicheka.

Kurusha kulianza mwisho kabisa, tena kwa mpira wa tenisi. Warushaji wa besiboli waliopasuliwa huanza karibu mwezi wa nne, umbali wa mita 14 hivi, halafu 18, halafu 27, wakiongeza kidogo kidogo, na wengi hawashindani kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilipewa ratiba ya namna hiyo, iliyofupishwa. Siku moja unarusha, ya pili unapumzika. Kisugudi kikiuma wakati wa kurusha unaacha hapo hapo. Kikiuma kesho yake asubuhi, unarudi hatua moja nyuma. Kila mrusho unahesabiwa. Ligi ya watoto ya besiboli kule Marekani imeweka hesabu hiyo katika sheria tangu mwaka wa 2007, mwenye miaka 13 hadi 16 asirushe zaidi ya mara 95 kwa siku, hata kama timu inashindwa. Kwenye mkuki sisi hatuna sheria kama hiyo, ni daftari lako tu.

Wengine wameniuliza kama kisugudi kilichotibiwa kinaweza kweli kurusha tena. Neeraj Chopra wa India alipasuliwa kisugudi cha kurushia mwezi wa Mei 2019, akakosa mashindano ya dunia ya mwaka huo. Yake haikuwa ligamenti, ilikuwa vipande vya mfupa, lakini subira ilikuwa ile ile. Januari 2020 alirusha mita 87.86, na mwaka wa 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo. Mimi sijafika huko, na si lazima nifike.

Jumamosi iliyopita niliushika mkuki wenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hatua tatu tu, si mbio. Mwalimu wa michezo alisimama kando akitazama kisugudi changu, si mkuki. Mirusho sita. Mrefu kuliko yote ulikuwa mita 27, ambazo mwaka juzi ningeona haya kuzitaja. Jumapili asubuhi nilikikunja na kukinyosha kitandani kabla ya kuamka. Hakikuuma. Nikaandika "sawa" katika daftari, nikachukua ndoo, nikaenda kukamua. Ukurasa unaofuata unasema hatua tano.